Juu ya Mkazo na Kukata Silabi katika Maneno Marefu ya Kiswahili

Kiswahili ni lugha ipendayo kutia mambo mengi katika neno moja. Mtenda, wakati, mtendwa na kukanusha, vyote vyaweza kufungwa pamoja mbele ya shina la kitenzi, na baada ya shina huongezwa viungo vingine tena. Msikiaji wa pwani haoni shida, kwa kuwa sikio lake limezoea kungoja mwisho wa neno. Lakini katika makanisa na shule za Musoma, Bunda na Butiama, ambako wengi walikijua Kijita, Kikwaya, Kiikizu au Kizanaki kabla hawajakijua Kiswahili, maneno haya marefu huwashinda wasomaji hata wale wasomao maneno mafupi pasipo kosa. Tena makosa yenyewe si ya namna ya kuchekesha tu. Mara nyingine hugeuza maana.

Na tutwae neno moja, *hawakumwona*. Msomaji akifika katikati yake akavuta pumzi, waliokaa nyuma ya kanisa husikia *hawa*, kisha *kumwona*. Neno lilikanusha, na sasa lakiri. Vivyo hivyo *hatawaacha*: likikatwa baada ya silabi ya pili, mtu husikia *hata*, kisha *waacha*, na ahadi imepotea. Na *atakapokuja* likikatwa vibaya husikika *ataka*, kana kwamba mtu yule ana haja ya kitu. Wasikilizaji hawana kitabu mkononi. Wanalo neno lililotoka kinywani mwa msomaji, basi. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza jinsi maneno marefu yakatwavyo kwa sauti, jinsi mkazo uendavyo, na kwa nini wasomaji wa nchi hii huelekea kukosa mahali fulani fulani. Palipo na haja tumetia alama juu ya irabu yenye mkazo.

Silabi ni kipande cha neno kitamkwacho kwa mara moja. Katika maneno ya asili ya Kiswahili kila silabi huishia katika irabu. Hivyo twasema *ka-ni-sa*, wala si *kan-isa*; *mwa-na-da-mu*, wala si *mwan-adamu*. Herufi mbili zilizo sauti moja, kama *ch, sh, dh, gh, th, ny*, hazitenganishwi. Wala hazitenganishwi sauti za pua zilizoshikamana na herufi ifuatayo, kama *mb, nd, ng, nj, nz*. Jina la Bunda lina silabi mbili, *Bu-nda*, na si *Bun-da*, ingawa karani aliyejifunza kukata maneno ya Kiingereza atapenda kukata hapo. Tumeona vitabu vya sala vya zamani vilivyokatwa hivyo mwisho wa mstari, na bila shaka aliyezipanga herufi hakuwa mtu wa lugha hii.

Herufi *m* mbele ya konsonanti yataka uangalifu zaidi, na mara chache *n* pia. Katika *mtu, mti, mto*, *m* ni silabi peke yake, nayo ndiyo yenye mkazo, kwa kuwa ni ya pili kutoka mwisho. Katika *nchi, nne, nta*, hali ni hiyo hiyo kwa *n*. Lakini katika *mbegu* au *ndege* sauti ya pua imeshikamana na ifuatayo, nayo haihesabiwi. Tena kuna maneno yaandikwayo sawasawa na kukatwa mbalimbali: *mbuni*, yule ndege mkubwa asiyeruka, ana silabi mbili, *mbu-ni*, na *mbuni*, mti uzaao buni, una silabi tatu, *m-bu-ni*. Mkazo ni mahali pamoja katika yote mawili, lakini hesabu si moja, na mtunga mashairi akikosea hesabu mstari wake utachechemea. Watu wa Mara husema *omu-* au *omo-* katika lugha zao mahali pa hiyo *m*, kwa hiyo mtoto asomapo huelekea kusema *mutu* na *muti*. Hilo twaweza kulivumilia. Idadi ya silabi haikubadilika, na mkazo umebaki mahali pake.

Sasa mkazo. Kanuni ni moja, nayo yajulikana kwa kila mwalimu: mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Yajulikana, lakini nguvu yake hasa haifikiriwi mara nyingi. Mkazo huu si mali ya shina wala ya kiambishi chochote. Ni mali ya mahali. Neno likirefushwa mwisho, mkazo huhama pamoja na mwisho: *nyúmba*, lakini *nyumbáni*, *séma*, lakini *seméni*, *mwána*, lakini *mwanángu*. Neno likirefushwa mwanzo, mkazo hautikisiki: *óna, kuóna, kumwóna, hawakumwóna*. Viambishi vyote vile vya mbele hupita upesi, kwa sauti iliyo sawa, mpaka ufike mwisho. Atakaye kusoma vema hana budi kupeleka jicho mbele na kuuona mwisho wa neno kabla kinywa hakijaanza mwanzo wake.

Kanuni hii ina nguvu hata huathiri umbo la vitenzi. Walimu huulizwa mara nyingi: kwa nini *anakuja* ina *ku*, na *ajaye* haina? Kwa nini *walikula*, lakini *walimla*? Shina *-ja* na shina *-la* ni silabi moja tu, na mkazo sharti uangukie silabi iliyo mbele yake. Lakini alama za wakati *-na-, -li-, -ta-, -me-* hazipokei mkazo. Kwa hiyo *ku* ya jina la kitenzi hubaki ili iupokee: *anakúja, walikúla*. Pakiwapo kiambishi cha mtendwa, chenyewe huupokea mkazo, na *ku* haitakiwi tena: *alinila*, mkazo ukiwa juu ya *ni*. Na katika *ajáye* shina limepata silabi nyuma yake, basi *ku* haina kazi. Twaona ya kuwa mkazo si pambo lililowekwa juu ya neno lililokwisha kujengwa. Umo katika ujenzi wenyewe. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1944, aliona vema kutaja kupanda na kushuka kwa sauti katika jina la kitabu chenyewe, nasi twadhani alifanya sawa.

Si lugha zote zenye maneno marefu zifanyazo hivi. Ng'ambo ya ziwa, huko Bukoba, makanisa ya Kilutheri yalipata wamisionari wengi Waswidi tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kiswidi nacho chapenda maneno marefu, lakini yao hujengwa kwa kuunganisha majina mawili, matatu, hata zaidi, na kuyaandika kama jina moja. Mkazo mkuu huwa katika kipande cha kwanza, na mkazo mdogo katika kipande cha mwisho, hata msikiaji aweza kusikia viungo vya neno kama mtu ahisivyo vifundo vya muwa kwa kidole. Tena wana kupanda na kushuka kwa sauti kunakotenga maana: neno liandikwalo *anden* laweza kuwa “yule bata” au “yule roho”, kwa sauti tu. Mswidi ajifunzaye Kiswahili husikiliza mwanzo wa neno, na Mswahili hungoja mwisho. Kumbe mtu wa Mara, kama tutakavyoona, amesimama karibu na Mswidi kuliko tungalivyodhani.

Sisi nasi tuna majina ya kuunganishwa, na mengi yamo katika kazi za kanisa. *Kipaimara* imefanyizwa kwa *kipa* na *imara*. Yakatwa *ki-pa-i-ma-ra*, na mkazo ni *kipaimára*. (Tumewahi kuulizwa na kijana mmoja kama sakramenti hiyo ilianzia katika mkoa wetu. La; *Mara* ile ni sauti tu iliyokutana na jina la mto.) *Kifunguamimba* ina silabi sita, *ki-fu-ngu-a-mi-mba*, na *kitindamimba* tano, mkazo wa yote mawili ni juu ya *mi*. *Mwanakondoo* lina silabi tano, *mwa-na-ko-ndo-o*. Hapa twataka kuangalia jambo moja. Msomaji akisema *mwána*, akanyamaza kidogo, kisha *kondóo*, amefanya maneno mawili kwa kuweka mikazo miwili, na wasikilizaji watatafuta maana ya mtoto na maana ya mnyama mbalimbali. Neno moja lina mkazo mkuu mmoja. Katika *mwanakondóo* sehemu ya mbele hupungua nguvu, ikasogea kwa haraka kuelekea mkazo.

Tufike sasa katika jambo lenyewe la nchi hii, maana kanuni ya pwani ni nyepesi kueleza, na kama ingekuwa hiyo tu kila mtoto angaliishika kwa juma moja.

Lugha za Kibantu za Mara, kwa jinsi zisemwavyo kandokando ya ziwa na ndani kuelekea Serengeti, zina mambo mawili ambayo Kiswahili hakina. La kwanza ni urefu wa irabu. Irabu ndefu na irabu fupi zaweza kutenga neno na neno. Tena irabu hurefuka zenyewe mahali fulani: mbele ya *mb, nd, ng* na nyinginezo za namna hiyo, na baada ya *w* au *y* iliyotokana na irabu mbili kukutana. La pili ni sauti ya juu na ya chini. Katika Kijita, vitenzi vingine vina sauti ya juu na vingine havina, nalo ni sehemu ya neno, kama herufi zilivyo. Katika Kikuria cha Tarime, ambacho wasemaji wake wako wengi hata mjini Musoma, kuna jambo la ajabu zaidi: sauti ya juu huonyesha wakati wa tendo, nayo huwekwa kwa kuhesabu tangu mwanzo wa shina. Wakati mmoja huanza sauti ya juu katika pigo la kwanza la shina, wakati mwingine katika la pili, mwingine katika la tatu, na mwingine katika la nne, irabu ndefu ikihesabiwa mapigo mawili. Watafsiri wa Maandiko waliofanya kazi Musoma tangu miaka ya 2000 katika lugha hizi za Mara wamelazimika kufikiri sana jinsi ya kuandika mambo haya mawili, kwa sababu herufi tulizozoea katika Kiswahili hazitoshi.

Basi tazama: Mkuria huhesabu kutoka mbele, Mswahili huhesabu kutoka nyuma. Na mtoto wa Kijita au wa Kizanaki amezoea kusikia uzito ndani ya neno, pale irabu ilipo ndefu au sauti ilipopanda, si mwisho wake. Akipewa neno *nimemwambia* atalikata sawa, *ni-me-mwa-mbi-a*, kwa kuwa shule imemfundisha. Lakini kinywa chake kitairefusha silabi *mwa*, kwa sababu mbili pamoja: imetanguliwa na *w*, na inafuatwa na *mb*. Kwake yeye ni urefu tu, hakukusudia mkazo. Kwa msikiaji wa pwani ni mkazo, maana katika Kiswahili silabi yenye mkazo ndiyo ivutwayo, na hakuna nyingine ivutwayo. Mmoja ametoa urefu, mwingine amepokea mkazo. Hivyo husikika *nimemwáambia*, mahali pa *nimemwambía*. Hali ni hiyo katika *kupandísha*, ambalo uzito wake hurudi juu ya *pa*, na katika *inayopendéza*, ambalo uzito wake hurudi juu ya *pe*.

Mwalimu mgeni atokaye Tanga au Unguja akisikia hayo huweza kumdhania mtoto mzito wa akili. Twaomba asifanye hivyo. Mtoto huyo anashika sheria, ila ni sheria ya nyumbani kwao. Amwambiaye “soma vizuri” bila kumwonyesha sheria ya pili hamsaidii neno. Tumewajua watoto walionyamaza darasani mwaka mzima kwa kuchekwa hivyo, na walipofundishwa kutafuta mwisho wa neno wakasoma.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi kwa makatekista na wachungaji. Katika Kiswahili irabu mbili zikifuatana ni silabi mbili, hata zikiwa za namna moja. *Kondoo* ni *ko-ndo-o*, *wazee* ni *wa-ze-e*, *kufaa* ni *ku-fa-a*. Mkazo huwa juu ya ile ya kwanza: *kondóo, wazée, kufáa*. Lakini mtu aliyezoea lugha ambamo irabu ndefu ni silabi moja huiona *oo* kuwa silabi moja ndefu, na tena ikiwa mwisho wa neno huelekea kuifupisha. Silabi ya mwisho ikitoweka, mkazo hurudi nyuma hatua moja. *Kondóo* huwa *kóndo*, na akina mama wakunga walioko kanisani wanajua *kondo* ni nini, wala si mnyama wa zizini. *Mti huu wafaa* huwa *mti huu wafa*. Hili la mwisho ni la shambani, laweza kusahihishwa kwa kuutazama mti. Lakini siku ya kukumbuka Kupaa kwake Bwana, msomaji akisema *alípa* mahali pa *alipáa*, amesema kwamba Bwana yuko katika kulipa deni. Tofauti yote ni silabi moja nyepesi mwishoni na mkazo uliosogea. Msomaji mwenye nia njema, tena aliyejitayarisha, huweza kukosa hapo asijue, na mkutano ukakaa kimya kwa adabu.

Dawa yake si kuivuta irabu. Mwalimu akisema “vuta”, mtoto atavuta irabu moja, na ndiyo kwanza amethibitisha kosa. Yafaa apige makofi kwa kila silabi, *a-li-pa-a*, makofi manne, kofi la tatu likiwa na nguvu. Kisha aseme neno zima, akilifikisha mwisho pasipo kuila silabi ya nne.

Jina la Butiama ni zoezi jema la jambo hili. Silabi zake ni nne, *Bu-ti-a-ma*, na mkazo ni *Butiáma*. Lakini lugha za hapa, *i* ikikutana na *a*, hupenda kugeuza ile ya kwanza kuwa *y*. Kwa hiyo twasikia *Butyama*, silabi tatu. Katika mazungumzo hakuna hasara. Katika utenzi ipo. Mstari wa utenzi una mizani nane, na kila mizani ni silabi. *Bunda hata Butiama*: mbili, mbili, nne, mstari umejaa. Asemaye *Butyama* amebakiwa na saba, na mwimbaji atalazimika kuvuta mahali pasipostahili. Pengine ni haki kwamba tuseme haya juu ya Butiama kuliko juu ya mji mwingine, kwa kuwa alizaliwa huko mwaka 1922 mtu aliyehesabu mizani nyingi kuliko mwana yeyote wa Mara tumjuaye. Julius Nyerere alianza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934; lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Julius Caesar* iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Na katika uzee wake alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapishwa na Wabenediktini, Ndanda-Peramiho, mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Beti kwa maelfu, mistari minne kila ubeti, mizani nane kila mstari. Yeye aliyekulia katika lugha yenye irabu ndefu na sauti za juu alijifunza kuhesabu kwa sikio la pwani. Wale wasemao kwamba watu wa bara hawawezi kupata sikio hilo wangefanya vema kufungua moja ya vitabu hivyo, na kuhesabu.

Turudi kwa msomaji na kitabu chake. Maneno ya kigeni na majina ya Maandiko yana sheria ile ile, ila yana vikwazo viwili. Kwanza, mengine yana silabi zifungwazo kwa konsonanti, kama *as-ko-fu, mas-ki-ni, daf-ta-ri, lab-da*. Hapa hukatwa baada ya konsonanti hiyo. Wenye lugha za Kibantu za Mara hupenda kutia irabu katikati, na wasomaji Wajaluo, ambao lugha yao ina silabi nyingi zilizofungwa, hawaoni shida kabisa. Pili, msomaji aliyesikia majina kwa Kiingereza huleta mkazo wa Kiingereza. Lakini jina likiisha kuvikwa umbo la Kiswahili hufuata Kiswahili: *Galiláya, Samaría, Makedonía, Mesopotamía, Yerusalému, Kapernaúmu, Abrahámu, Kanaáni*. Mwenye kusoma orodha ndefu ya majina asiogope. Aangalie silabi mbili za mwisho za kila jina, nyingine zote zitapita zenyewe.

Yako maneno machache yatokayo katika kanuni, karibu yote yenye asili ya Kiarabu. *Lakini* watu wengi wa pwani hulikaza mwanzoni, *lákini*. Na mashuhuri kuliko yote ni *barabara*: njia kubwa ni *barabára*, na “sawasawa kabisa” ni *barábara*. Mwandishi hawezi kuyatenga, msemaji hana budi. Hayo yafundishwe moja moja, kwa sikio, wala yasitumiwe kuitilia shaka kanuni.

Juu ya kukata neno mwisho wa mstari, wengi wetu hupiga chapa matangazo ya usharika, mitihani ya shule na karatasi za nyimbo kwa mashine zetu wenyewe, na mashine hizo hukata maneno zipendavyo. Kukata kwa silabi ni sharti la kwanza. Lakini halitoshi. *Ha-wa-ku-mwo-na* laweza kukatwa mahali panne, pote pakiwa halali kwa sauti. Na kukata baada ya *hawa-* ndiko kubaya kuliko kote, kwa sababu jicho lakuta neno kamili na kulisoma hivyo. Kwa kadiri tuonavyo, ni afadhali kukata karibu na mwisho, *hawaku-mwona*, ambapo kipande cha kwanza hakina maana peke yake na humlazimisha msomaji kushuka mstari. Vivyo hivyo *hatawa-acha*, na *atakapo-kuja*. Na katika karatasi itakayosomwa mbele ya mkutano, ni heri kutokata kabisa, hata mstari ukabaki mfupi.

Limebaki jambo la nyimbo, na pengine ndilo linaloharibu masikio kuliko yote mengine. Tuni nyingi tulizozipokea kutoka Ulaya zilitungwa kwa lugha ambazo mstari waweza kuishia kwa silabi yenye nguvu. Tuni ile ya kale ya Zaburi ya 100, iliyotoka Geneva mwaka 1551, huishia hivyo kila mstari: noti ya mwisho ni nzito na ndefu. Kiswahili hakina neno la kutosha hapo. Kila neno letu la silabi mbili au zaidi huishia kwa silabi nyepesi, isipokuwa tukiimba peke yake neno la silabi moja. Kwa hiyo mfasiri ajapotafsiri maana kwa uaminifu mkubwa, tuni huwalazimisha waimbaji kusema *Mungú, Bwaná, milelé*. Watoto huimba hivyo tangu hawajajua kusoma, na wajapo kusoma huona si ajabu kuweka uzito mwishoni.

Tumeona njia mbili zikitumika katika makanisa ya hapa, kila moja ikiwa na watetezi wake. Wengine huweka noti mbili za mwisho juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na kuiachia silabi ya mwisho noti fupi itolewayo upesi: *mi-le-e-le*. Tuni hubadilika kidogo, na wazee waliozoea hunung'unika. Wengine huziacha tuni za namna hiyo kwa nyimbo chache zilizokwisha kupendwa, na kwa maneno mapya hutafuta tuni ambazo mstari wake huishia kwa noti nyepesi, au hutunga tuni kwa kufuata ngoma na nyimbo za hapa. Sisi twapendelea njia hii ya pili kwa nyimbo mpya, kwa sababu yaanza na neno. Lakini kwa wimbo ambao usharika mzima unaujua kwa moyo, hatungethubutu kuugusa kwa ajili ya silabi moja. Mwalimu wa kwaya ataona mwenyewe. Atakachofanya, angalau, ni kuwasomea waimbaji maneno kwanza bila tuni, wakayasikia yalivyo: *Múngu, Bwána, miléle*, kisha waimbe.